Safu ya Baridi

Tabo niliyofunga ni kubwa kuliko ile iliyozaliwa na gari,
na kompyuta ya kiwandani haiitambui.
Nyegezi kupanda Buhongwa inaipimia mafuta kwa kijiko,
injini inagonga, ko, ko,
kama mgeni mwenye haya mlangoni,
nami naachia pedeli, lori la dagaa linanipita.

"Badili ubongo," alisema Misoji,
anayezisoma injini kwa laptopu
pale Nyakato, nyuma ya wachomelea mageti.

Nikachagua miezi minne.
Mtu huchumbia hivyo, hanunui kifaa.

Ya kwanza mpya, ya Australia, milioni sita na ushee,
ina tundu la kila sensa, hata zile nisizo nazo.
Niliipenda kama mtu apendavyo ghorofa za Capri Point
akiwa ndani ya bajaji.
Ya pili siyo kompyuta, ni kijana wa Dar:
"Nitumie faili, nitakurudishia faili," laki nne tu.
Misoji akacheka mpaka akakalia tairi.
"Huyo anapikia pwani. Sisi tuko juu, zaidi ya mita elfu moja,
hewa yetu nyepesi. Na siku ile wingu la vidudu
likitoka ziwani na kuziba chujio,
faili lake litajua?"

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu waya.

Ya tatu ilikuja na mzigo wa spea kutoka Japani,
imeviringishwa gazeti, kona moja imebonyea,
waya zake zimekatwa kwa kisu na mtu mwenye haraka.
Milioni moja na laki mbili, hairudishwi.
Siyo bora, niseme kweli. Ya zamani,
na presha ya oili ikishuka haitakuonya.
Lakini Misoji anaijua lugha yake,
na gari likinilalia Usagara saa tano usiku
siwezi kupigia simu Australia.
Kifaa kizuri kisicho na msomaji
ni barua nzuri mdomoni mwa mbuzi.

Jumamosi tuliipa umeme juu ya meza.
Akafungua ramani iliyokuwa ndani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila mgeni huyu alikuwa hajatua mzigo:
gari la mtu mwingine lilikuwa bado linatembea humo,
namba zake, mikunjo yake, woga wake kila presha ilipopanda.
Misoji akafuta. Mafuta. Cheche. Upepo.
Mpaka akafika safu ya kuwashia injini ikiwa imepoa:
sifuri, kumi chini ya sifuri, ishirini,
thelathini.
"Haya ya wapi? Huku baridi ni Julai, nyuzi kumi na sita,
na watu wanavaa makoti."

Mimi nagandisha minofu ya sangara, kiwandani Igogo,
zamu ya usiku. Thelathini chini ya sifuri naijua:
pua inavyojifunga,
komeo linavyong'ata kidole,
chuma kinavyolia kabla hakijatii.
Nikaisogelea skrini.
Namba hazikuwa za kubahatisha. Mtu huyu aliamka
gizani, asubuhi nyingi, barafu juu ya boneti,
akawasha, ikazima, akaongeza mafuta asilimia mbili,
akawasha. Kesho yake akapunguza nusu.
Labda jirani alimlalamikia kelele.
Labda kulikuwa na mtoto wa kupeleka shule.

"Nifute?"

Kwingine kote futa, nikasema. Andika Mwanza:
mlima wa Buhongwa, jua la saa nane,
petroli yetu jinsi ilivyo.
Hii iache.

"Haitatumika hata siku moja."

Najua. Nipe bisibisi.